Magongo ya uwanja wa Lugogo, Kampala, au hoki ya barafu?

Kwa gharama, Lugogo inashinda kwa mbali: ukiwa na gongo, kinga za miguu na njumu, umeanza. Hoki ya barafu inadai kofia ngumu, pedi mwili mzima na viatu vyenye visu vya kunolewa mara kwa mara; kisu kikiwa butu, ukikata kona unaanguka. Na barafu yenyewe utaifuata hadi Nairobi, hoteli ya Panari, usiku mzima ndani ya basi.

Kwenye pesa mambo yanageuka. Kila timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, ilicheza mechi 82 msimu wa kawaida wa 2024/25, na mshahara wa chini ulikuwa dola 775,000. Magongo hayafiki huko, ila yanakuachia nafasi ya kusoma na kufanya kazi.

Aliyekulia Kampala, Lugogo ipo karibu. Mwenye mtoto mdogo na ndugu Toronto, ampeleke barafuni mapema.