Vega au Sirius: ipi ya kupimia darubini ya infraredi?

Ukiwa Nungwi, Zanzibar, nyota ya Sirius hupita karibu na utosini. Nyota ya Vega hubaki chini zaidi, kaskazini. Kwa kusawazisha darubini ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), yaani kulinganisha vipimo vyake na nyota ambayo mwanga wake unajulikana, mimi nachagua Sirius. Vega ilitegemewa miaka mingi, lakini mwaka 1983 setilaiti ya IRAS ilibaini vumbi linaloizunguka. Vumbi hilo huongeza mwanga wa infraredi kupita ule unaokadiriwa na modeli ya angahewa ya nyota, yaani hesabu ya mwanga ambao nyota yenyewe inapaswa kutoa. Ni sawa na kupimia karafuu kwa jiwe lililogandwa na tope! Tena Vega inajizungusha kwa kasi, ncha zake zina joto kuliko ikweta, hivyo modeli ya jotoridi moja haiitoshi. Sirius ni rahisi zaidi kuikokotoa, ingawa mng'ao wake huzilemea darubini kubwa.