Vim kwa skripti za kila siku: uzoefu wangu hapa Lamu

Kama unaandika skripti (programu ndogo za kujifanyia kazi) kila wiki, jifunze Vim, programu ya kuandikia inayotumika ndani ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Kama unafungua terminali mara moja moja kurekebisha mistari miwili, chukua nano, programu nyingine ya namna hiyo iliyo rahisi zaidi, uendelee na maisha yako. Amri zake zimeandikwa pale chini ya skrini na hakuna cha kukariri.

Mimi hushika hesabu za nyumba ya wageni Shela. Malipo mengine huja kwa M-Pesa, mengine benki, mengine mkononi, na mwisho wa mwezi kuna faili ndefu ya kuchambua. Skripti yangu, niliyoiandika kwa lugha ya programu ya Python, hujumlisha kwa chumba na kwa mwezi. Laptopu ni kuukuu, ya Linux, na nikifungua zile programu kubwa za kuandikia msimbo feni huanza kupiga kelele nami nakaa kungoja. Vim hufunguka papo hapo.

Raha yake hasa ni kuandika na kuendesha skripti bila kuhama. Naandika :w kuhifadhi, kisha :!python3 % (hiyo alama ya asilimia ni jina la faili niliyomo) na majibu yanatoka hapo hapo. Python ikilalamikia mstari wa 47, nabonyeza Enter, naandika :47, na niko penye kosa. Taarifa ya malipo ikija na "Ksh" mbele ya kila kiasi, :%s/Ksh//g inafagia zote kwa mara moja, na nikighairi, u inarudisha. Halafu kuna ule ugonjwa wa Python wa tabu (alama ya kitufe cha Tab) kuchanganyika na nafasi, ambao kwa macho huuoni kabisa. Andika :set list, kila tabu inajianika kama ^I.

Na stima, je? Betri yangu ilishakufa, kwa hiyo stima ikikatika laptopu nayo inazimika, na huku kwetu stima haibishi hodi ikiondoka. Vim huweka nakala ya pembeni, faili iliyofichwa inayoishia na .swp, kila baada ya herufi 200 au ukitulia sekunde 4. Ukirudi kufungua faili unapokewa na onyo refu la kutisha. Bonyeza R, kazi yako inarudi karibu yote. Ukishahifadhi, ifute ile .swp, la sivyo onyo litakuandama kila ufunguapo.

Ubaya wake ni siku za mwanzo. Ukiingia, herufi ni amri, si maandishi, mpaka ubonyeze i. Andika "malipo" kabla ya hapo uone: "ma" inaweka alama, "l" inasogeza kishale, "i" inafungua uandishi, na kwenye skrini linabaki "po". Mtu asiyeambiwa hili ataapa kibodi imeharibika. Esc hukutoa kwenye uandishi, :q! hukufungulia mlango bila kuhifadhi. Kuna mafunzo yanayokuja nayo, andika vimtutor kwenye terminali. Yanakula kama nusu saa, na bila hayo usijisumbue.

Ni ya bure, na hapa kuna jambo linalotugusa watu wa Afrika Mashariki. Mtunzi wake, Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa kwa umma mwaka 1991, alikwenda kujitolea Kibaale, Uganda, mwaka 1994. Tangu hapo akawa anawaomba watumiaji wa Vim, badala ya kulipia, wachangie watoto wa huko. Andika :help uganda usome mwenyewe. Alifariki Agosti 2023, na toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, limewekwa wakfu kwa kumbukumbu yake.

Kwenye simu nimeiweka kupitia Termux, programu ya Android inayokupa terminali. Inafanya kazi, na Esc ipo kwenye safu ya vitufe vya ziada, ila kidole kikubwa kama changu hugonga kitufe cha jirani. Nikiwa kwenye boti ya Mokowe natumia nano.