Grenoble: tramu au basi?

Mimi ni mtu wa tramu, ile treni ya umeme ya mitaani. Grenoble, mji wa Ufaransa, iliirudisha mwaka 1987, sakafu ikiwa chini, karibu sawa na ukingo wa kituo: mwenye kiti cha magurudumu anaingia mwenyewe, bila kubebwa wala kuomba msaada. Hilo peke yake linanigusa sana. Tena ina njia yake, foleni haiihusu. Shida ni asubuhi, kwenye laini B ya kwenda chuo kikuu: wanafunzi wamejaa mpaka mlangoni, begi la mtu limekukaa kifuani.

Basi hukwama na magari. Lakini ukikaa Corenc, juu mlimani ambako reli haifiki, ndilo linalokupeleka nyumbani. Tiketi ni ileile, unashuka huku unapanda kule.