6013 au 7018: rodi ipi kwa anayeanza kuchomelea?

Kijana anayeanza kuchomelea pale Kibuye, Kisumu, ningemkabidhi 6013 kwanza. Inawaka upesi, inakubali hata mashine ndogo ya AC (umeme wa mkondo geu), na ile ya milimita 2.5 inatosheka na ampea 60 hadi 90. Ubaya wake ni kudanganya macho: ukiinua mkono, moto kati ya ncha na chuma ukarefuka, gamba (taka ngumu inayoachwa na rodi) linajificha ndani ya kiungo huku juu panaonekana safi. Gonga kwa nyundo, piga brashi ya waya, kagua, ndipo upitishe mstari wa pili.

7018 ina nguvu zaidi, pauni 70,000 kwa inchi ya mraba dhidi ya 60,000, na ndiyo ya trela na nguzo. Lakini inataka mkono uliotulia: ncha karibu iguse chuma, uivute taratibu. Ukikata moto, ncha hufunikwa na utando kama kioo. Usugue kwanza, la sivyo rodi itanata. Tena haipendi unyevu hata kidogo, na hewa ya ziwani ni nzito. Ukiacha pakiti wazi usiku kucha, hidrojeni ya unyevu huo inaweza kuingia kwenye kiungo na kukipasua baadaye. Bila tanuri ya kukaushia, mimi siigusi.