Ukinyanyua mkono, anaacha: uzoefu wangu kwa daktari wa meno, Tanga

Miaka 14 nimetafuna upande wa kulia tu. Nipe muhogo wa kuchoma, nitaupeleka kulia bila hata kufikiri, kama baiskeli iliyopinda usukani. Mimi ni fundi baiskeli, barabara ya 13 hapa Ngamiani, na wateja wangu walishazoea kuniona naongea mdomo upande. Wakadhani ndiyo tabia. Lilikuwa gego la chini kushoto, pamoja na woga.

Woga wenyewe una asili yake. Nikiwa darasa la nne nilipelekwa kung'olewa jino. Pahala penyewe sipataji, na waliokuwepo siku ile nadhani wameshastaafu. Nikachomwa ganzi, na koleo likaingia papo hapo. Nilipopiga ukelele muuguzi akanibana kichwa: "Mtoto wa kiume unalilia jino?" Baba alikuwa mlangoni, akageuka akatazama nje. Mara ya pili nilikuwa mtu mzima, niko Dar kwa shughuli zangu. Daktari akanifungua kinywa, akawaita wanafunzi wake wawili waje watazame mdomo wa mtu asiyepiga mswaki. Napiga mswaki mimi! Kisha akaling'oa jino kwa vipande vipande huku ananigombeza kwamba nakaza taya. Nikaapa sirudi kwenye kiti kile.

Basi likafuata la karafuu. Bibi yangu alitufundisha kuisaga na kuibana kwenye tundu la jino, nami nikaiendeleza miaka yote, na vidonge vya maumivu juu yake. Ila msimu wa machungwa uliopita nilimenya chungwa la Muheza, tamu ajabu, nikajisahau nikaling'ata kwa kushoto. Nisiseme mengi. Usiku ule sikulala, na asubuhi shavu limeumuka kama andazi.

Aliyenipeleka si mke wangu, ambaye alishachoka kunisihi. Ni bibi jirani anayepika vitumbua. Aliniona nanunua kwa ishara, akasema: "Mwanangu, nenda kwa yule binti wa Chumbageni. Hana haraka na mdomo wa mtu."

Ni kliniki ndogo, ghorofa ya kwanza, ngazi nyembamba. Nilifika saa 3 asubuhi nikaingia saa 5 na kitu, na dada wa mapokezi si mtu wa kucheka na wewe. Hayo nayasema mapema ili asije mtu akanilaumu. Nilipoitwa, Dokta alikuwa amekaa kwenye kigoda, barakoa ameishusha, hana chombo mkononi. Akanisalimia, akaniuliza kazi yangu, halafu akauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu yeyote mwenye koti jeupe: "Kaka, mara ya mwisho walikufanyaje?"

Nikamweleza yote, hadi la baba kutazama nje. Hakucheka wala hakunionea huruma ya maneno. Alinieleza tu kwa nini ganzi ile ya utotoni haikufanya kazi. Kwanza, ganzi inahitaji dakika zake, hasa taya la chini, ambako unasubiri mpaka mdomo wenyewe uwe mzito. Pili, penye usaha na uvimbe pana uchachu, na ganzi haikolei vizuri penye uchachu. "Hukuwa mwoga," akasema. "Uling'olewa jino bila ganzi." Nina miaka 41 sasa. Nilitazama dari kwa muda.

Siku hiyo hakunigusa jino zaidi ya kulipiga picha. Akaniandikia amoksilini na metronidazo za siku tano, kwanza uvimbe ushuke. Kisha akanionyesha picha: uozo umefika kwenye kiini, lakini mizizi bado imeshika vizuri. Kuling'oa ni shilingi 30,000 na yamekwisha siku moja. Kulisafisha mizizi na kulijaza ni 180,000, safari tatu, nalipa kila safari 60,000. Akaniachia mwenyewe niamue. Nilikuwa nimekuja kulitoa. Ila mimi kila siku nawaambia watu wasitupe gurudumu kwa sababu ya spoki mbili, nikaona haya.

Niliporudi, kabla ya sindano alinipaka kwanza dawa kama jeli kwenye fizi. Sindano yenyewe aliisukuma taratibu mno, nikahisi kubanwa tu. Halafu akaweka chombo chini na kusubiri, tukaongea habari za timu yetu ya mpira, Coastal Union, ambazo siku hiyo zilikuwa na maumivu kuliko jino. Mdomo ulipokufa ganzi akaugusa kwa ncha ya kitu, akauliza, akagusa tena. Ndipo akanipa sheria yake moja: "Ukinyanyua mkono wa kushoto, naacha. Huna haja ya kuwa na sababu."

Nilinyanyua mashine ilipoanza tu kulia. Haikuuma, nilitaka kuona. Ikazimwa hapo hapo. Akasubiri. Nikashusha mkono, akaendelea. Toka hapo mabega yangu yakashuka kutoka masikioni, na sidhani kama niliunyanyua tena siku ile.

Sasa nizungumze kama fundi. Alinivisha kipande cha mpira chembamba mdomoni, kama kiraka cha tyubu chenye tundu, jino peke yake likatokeza. Maji, vumbi la jino, dawa, vyote vikabaki upande wake, hakuna kilichoshuka kooni. Kisha akatumia vijisindano vyembamba kuliko spoki yoyote niliyoishika, kila kimoja na urefu wake aliopima, akichokonoa mifereji mitatu ndani ya jino moja. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Mtu anayelazimisha nati unamjua kwa bega lake, na yeye bega lilikuwa limetulia muda wote.

Mwisho wa safari ya kwanza akaliziba kwa dawa ya muda, nikashtuka: harufu ya karafuu! Nikamuuliza. Akasema ndiyo, ndani yake mna mafuta ya karafuu, na bibi yangu alikuwa sahihi nusu. Karafuu inatuliza maumivu, haiondoi uozo, na mafuta yake yakiwekwa matupu huunguza fizi. Nikakumbuka fizi zangu zilivyokuwa zikibabuka.

Kasoro zipo. Umeme ulikatika katikati ya safari ya pili, jenereta ikachukua karibu dakika 20 kuwaka, nami nimelala mdomo wazi chini ya mpira. Ngazi zile mzee mwenye magoti mabovu atapata tabu. Jumamosi kunajaa, nenda katikati ya wiki. Na baada ya yote nikaambiwa jino lililosafishwa mizizi huwa rahisi kupasuka, kwa hiyo linataka kuvikwa kofia, na kofia ni pesa nyingine, zaidi ya zile nilizokwisha lipa. Alinigusia mwanzoni, nakiri, ila mimi nilisikia 180,000 tu. Bado nadunduliza, na muhogo naula kwa adabu. Kashata nimeshaing'ata kwa kushoto, mtu asimwambie Dokta.

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu wa miaka 8, ana tundu dogo la kuzibwa. Sikukaa mlangoni, nilikaa pale pale pembeni ya kiti nimemshika mguu. Dokta akampa sheria ile ile ya mkono. Mtoto akanyanyua, mashine ikazimwa. Akaushusha, ikawaka, akaunyanyua tena, ikazimwa. Mara ya tatu vile vile, na huku naona mashavu yake yanacheka nyuma ya pamba. Mara ya nne Dokta akazima, akashusha barakoa, akamwambia, "Haya mwanangu, sasa na mimi naomba ninyanyue wangu."