Nilimlipa mtafiti wa medali: aliyoyapata kuhusu Mwingereza, na alipokwama kwa Babu

Kama nyumbani kwenu kuna medali za vita zenye jina lililochongwa ukingoni, mlipe mtafiti, pesa yako haitapotea. Kama hazina jina, soma kwanza hadi chini kabla hujatuma hata dola moja. Ninaandika kutoka Lubumbashi, komini ya Katuba, baada ya familia yetu kutumia huduma ya mtafiti anayeishi London ambaye kazi yake ni kufuatilia maisha ya askari kupitia medali zao.

Zetu zilikuwa tano, zote ndani ya kopo moja la biskuti alilolitunza tantine (shangazi) wetu mkubwa. Ukoo mzima uliamini ni za Babu mzaa baba, aliyekuwa askari wa Force Publique, jeshi la koloni la Wabelgiji hapa Kongo, na aliyetembea hadi Ethiopia mwaka 1941. Tumekua tukiambiwa hivyo, na kwenye matanga yake medali zote tano zilibandikwa kwenye kitambaa mbele ya jeneza.

Mtafiti aliomba picha za kila medali: mbele, nyuma, na hasa ukingoni. Usizisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arisha, maana herufi zinalika. Zima taa ya chumba, kisha mulika tochi ya simu kwa ubavu huku ukiizungusha medali polepole, utaona maandishi madogo yakijitokeza. Medali mbili za Uingereza za Vita Kuu ya Kwanza, ile ya fedha yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano na ile ya shaba yenye utepe wa rangi za upinde wa mvua, zilikuwa na namba, jina na kikosi: Royal Engineers, wahandisi wa jeshi la Uingereza. Jina la Mwingereza. Ya tatu, ya shaba, ilikuwa na jina hilohilo, lakini bila namba na bila kikosi. Jina lenyewe silitaji hapa, huenda ana wajukuu.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyonivuta kuliko zote. Ni ya polisi wa kujitolea. Uingereza ilipoingia vitani Agosti 1914, polisi wengi wa kazi walikwenda jeshini, na raia wa kawaida wakaapishwa kushika nafasi zao. Mtu alimaliza kazi yake ya mchana, akafunga kitambaa cha mkononi, akaenda zamu kulinda daraja, reli au tangi la maji la mji, na baadaye kuwatahadharisha watu Zeppelin, zile ndege-puto kubwa za Wajerumani, zilipokuja kudondosha mabomu. Mshahara hapakuwa. Medali yao ilianzishwa tarehe 30 Agosti 1919, na masharti yake yalikuwa magumu: miaka 9 ya kazi bila malipo, na zamu zisizopungua 50 kila mwaka. Ila mwaka mmoja wa vita ulihesabiwa kuwa mitatu. Aliyefanya miaka 3 kamili wakati wa vita alikuwa ametimiza.

Hapo ndipo nilipoona mtafiti anaijua kazi yake. Kwenye utepe wa medali hiyo kuna kipande cha chuma kilichoandikwa "The Great War 1914-18", kwa hiyo huyu bwana alikuwa polisi wakati wa vita, wala si miaka ya baadaye. Tena hana ile medali ya umbo la nyota waliyopewa waliofika kwenye uwanja wa vita kabla ya mwisho wa 1915. Sheria ya kulazimisha wanaume kuingia jeshini ilipitishwa Uingereza mwanzoni mwa 1916, na umri wa juu wa kuitwa ukapandishwa mwaka 1918. Mtafiti akaviweka pamoja: polisi wa kujitolea kuanzia 1914, miaka yake mitatu ikatimia 1917, kisha akavaa sare ya jeshi na kuvuka bahari. Medali ya upinde wa mvua inathibitisha kwamba alivuka, kwa sababu hawakupewa waliobaki nyumbani.

Aliniandikia wazi kwamba jina kufanana si ushahidi. Medali ya polisi mara nyingi haisemi mtu alitumika mji gani, na Waingereza wawili wanaweza kuwa na jina moja kama Kabongo wawili wa Katuba. Akatafuta gazeti la zamani la mji wa kwao, akaipata orodha ya polisi wa kujitolea waliovishwa medali mwaka 1920, na kazi iliyoandikwa mbele ya jina, fundi wa mitambo, ilikubaliana na karatasi nyingine.

Karatasi hizo ndizo unazolipia. Kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, huko Kew, kuna kadi za medali za askari wa vita vile. Kadi inakupa vikosi, namba na cheo, lakini usitegemee ikuambie mtu alizaliwa wapi au mama yake ni nani. Faili lenyewe la askari wetu halipo. Ghala la Wizara ya Vita lilichomwa na mabomu ya Wajerumani Septemba 1940, na takriban asilimia 60 ya mafaili ya askari wa kawaida wa Vita vya Kwanza yakateketea. Mtafiti alinieleza hilo kabla ya kupokea malipo, sikulisikia baadaye kama kisingizio. Alizunguka kwa njia ya orodha za abiria wa meli. Bwana huyo alipanda meli Southampton kwenda Cape Town, na kutoka Cape Town reli ilikuwa imekwishafika Élisabethville, yaani Lubumbashi yetu ya leo, tangu 1910. Waingereza wa kampuni ya migodi ya Robert Williams walikuwa wengi hapa siku zile za mwanzo wa Union Minière, kampuni kubwa ya migodi ya Katanga.

Nilipomsomea tantine hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi ni yule Mwingereza mzee ambaye Babu yako alimlinda nyumba yake baada ya kutoka jeshini." Hakuwahi kututajia mtu huyo. Nadhani Babu alipewa medali hizo azitunze, na akazitunza.

Mbili zilizobaki ni za Babu kweli. Ni za Ubelgiji, moja ikiwa ya kampeni ya Abyssinia, jina la zamani la Ethiopia. Ukingo wake mtupu. Wabelgiji hawakuwa na desturi ya kuchonga jina la askari kwenye medali za namna hii, kwa hiyo ya Babu na ya mwenzake aliyelala kando yake njiani huwezi kuzitofautisha. Zinachosema ni kwamba alikuwa miongoni mwa waliopita Sudan, wakapigana Asosa na Gambela Machi 1941, wakafika Saio, ambako Jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha kwa Jenerali Gilliaert Julai mwaka huo. Alikuwa kwenye batalioni gani, alirudi lini, hazisemi.

Na kurudi lini ndilo swali linaloniuma. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma hapa Élisabethville kudai mishahara, na askari wa Force Publique, jeshi lililokuwa pia polisi wa koloni, waliwapiga risasi uwanjani. Upande wa mama yangu ni watu wa migodi. Nataka kujua Babu alikuwa wapi siku ile, na ninataka kujua hata kama jibu litaniumiza.

Mtafiti wa London hakujifanya. Alinirudishia malipo ya medali hizo mbili, akasema njia ni Brussels, kwenye nyaraka za koloni zilizokuwa Wizara ya Mambo ya Nje na ambazo zimekuwa zikihamishiwa Nyaraka za Taifa za Ubelgiji, na kwamba jina peke yake halitafaa kitu. Karani aliandika jina la askari alivyolisikia. Kinachotakiwa ni namba yake ya jeshi, na jina la kijiji na la chifu wake.

Malipo: dola 140 kwa zile tatu, pamoja na nakala za karatasi zote na maelezo ya kurasa kadhaa kwa Kifaransa. Kwa kipato cha hapa ni pesa nyingi. Tulichanga wajukuu wote, na hakuna aliyelalamika. Mawasiliano yote yalikuwa kwa WhatsApp, na umeme ulipokatika kwetu alisubiri bila kukasirika. Nisichokipenda ni kwamba hapokei pesa kwa simu, ilibidi binamu aliyeko Ulaya amlipe kwa niaba yetu.

Sasa ninamtafuta baba mdogo aliyeko Kamina. Inasemekana ana kijitabu cha Babu cha jeshi, na namba yake iko ukurasa wa kwanza. Mwenye kumjua mtafiti mwaminifu wa Brussels aniandikie hapa chini.