Nimepaka kalipa za Altezza rangi nyekundu, upepo ukanitoa jasho

Kopo nilinunua Gerezani, Kariakoo: rangi nyekundu ya kupulizia, maalumu kwa kalipa (kile chuma kinachobana pedi za breki kwenye diski), inayostahimili joto. Nilichotaka ni ule wekundu uchungulie katikati ya spoku za rimu za mbele. Ubishoo, nakubali.

Nianze na rangi, maana haina maneno mengi. Ni nzuri. Nilisugua kutu kwa brashi ya waya, nikamalizia na msasa, nikafuta kwa tina mpaka kitambaa kikaacha kutoka cheusi. Nikaziba kwa tepu ya karatasi pistoni na mpira wake, nipo (kile kichuchu cha kutolea hewa), tundu la hosi ya mafuta ya breki na pale pedi zinapokaa. Mkono wa kwanza ulinivunja moyo, chuma kilikuwa bado kinaonekana. Wa tatu ukafunika vizuri. Kalipa mbili zimekula chini ya nusu ya kopo.

Kosa langu ni kufungua hosi. Ungeweza kuning'iniza kalipa kwa waya kwenye springi, hosi ikiwa mahali pake, ukapaka hapohapo na mafuta yasimwagike hata tone. Mimi nikataka kuziweka mezani kama msanii. Nikalegeza boliti ya hosi, nikazungushia kitambaa, nikaenda kula. Narudi, kichupa cha mafuta ya breki kimekauka, chini kuna dimbwi. Hapo hewa imeshaingia hadi kwenye masta silinda, ile pampu kuu ya breki, kwa hiyo magurudumu yote manne yalitakiwa kutolewa upepo, si yale mawili niliyoyafungua tu.

Kesho yake mpwa wangu akakaa kwenye usukani. "Kanyaga! Shikilia!" Nafungua nipo kwa spana namba 10, mapovu yanapita kwenye mpira mwembamba uliozama ndani ya chupa yenye mafuta kidogo, nafunga. "Achia!" Tulianza nyuma kushoto, maana kwa gari la usukani wa kulia huko ndiko mbali zaidi na masta silinda, tukaja nyuma kulia, mbele kushoto, tukamaliza mbele kulia. Kila baada ya mikanyago michache naongeza mafuta, nisije nikavuta hewa upya. Zikaisha chupa mbili za nusu lita za mafuta ya breki, aina ya DOT 3.

"Mjomba, bado inazama."

Nikakaa mwenyewe kukanyaga. Laini kama godoro. Tukarudia mzunguko mzima, jua limetukalia utosini, pedeli ileile.

Nikamwita fundi wa mtaani. Hata kuchuchumaa hakuchuchumaa sawasawa. "Kaka, mbona nipo zimeangalia chini?" Nilikuwa nimepishanisha: ya kulia nimeifunga kushoto, ya kushoto kulia. Kwa macho zinafanana kabisa, na boliti zinakubali. Ila hewa hupanda juu. Nipo ikiwa chini, unatoa mafuta tu, povu limejikalia zake juu ya kalipa hata ukikanyaga mpaka usiku. Aliziondoa, akazirudisha kila moja upande wake, na zile washa za shaba za hosi akazitupa. "Hizi zimeshabanwa, zitavuja." Nikakimbia dukani kuleta mpya. Mikanyago minane hivi kila upande, pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Alinitoza 10,000 na kunicheka bure.

Mafuta tuliyoyatoa nilitaka kuyachuja niyarudishe, akanikatalia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani: DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205, ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabinyika kama hewa ileile niliyokuwa nahangaika nayo.

Miezi tisa sasa. Mwezi uliopita nilitoka Iringa nikashuka Kitonga kwa gia ndogo, malori mbele na nyuma, pedeli ikabaki juu palepale. Nilipofika Dar nikaosha rimu, nikachungulia: wekundu haujapauka. Pamebabuka sehemu moja tu, kama ukubwa wa ukucha, upande wa kushoto chini ya boliti ya hosi. Ndipo nilipodondosha mafuta ya breki siku ile nikasema nitafuta baadaye.